Mtoto Hakuomba Kuzaliwa

(Hotuba mbele ya wakunga, wanafunzi wa ukunga na wananchi waalikwa. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, nikiongeza machache ambayo muda ulininyima.)

Ndugu mwenyekiti, wakunga wenzangu, wanafunzi wetu, na ninyi nyote mliokuja kukaa nasi leo, nawasalimu kwa heshima.

Naomba nianze na kisanduku. Kwenye fomu tunayojaza mama anapofika mapokezi kuna kisanduku kidogo, hakizidi kucha ya kidole gumba, na juu yake pameandikwa "Idadi ya watoto". Kwa miaka ishirini na miwili nimekijaza bila kuinua kichwa. Unauliza, unajibiwa, unaandika tarakimu, unahamia kwenye presha. Siku moja mama mmoja alinyamaza. Nikadhani hakunisikia, nikarudia. Ndipo akaniuliza, kwa sauti ya chini kama mtu anayeulizia njia: "Unataka walio hai, au wote?"

Kalamu ilinisimama mkononi. Alikuwa amezaa wanne. Aliyekuwa naye ni mmoja.

Pembeni yake kwenye benchi alikaa mdogo wake aliyemsindikiza, msichana wa miaka ishirini na kitu. Ili kuuvunja ule ukimya nikamgeukia yeye: "Na wewe mwenzetu, una wangapi?" Akasema, "Sina, na sitaki." Nikamwambia lile ambalo nimewaambia wengi: "Wewe bado mdogo, utabadilika." Hakunijibu. Dada yake, aliyezika watoto watatu, naye hakusema kitu. Alisogeza tu mkoba wake kando ili mdogo wake akae vizuri.

Nimeombwa nizungumzie swali la kama watu wazae au wasizae. Nadhani nimeombwa kwa kuwa mimi ni mkunga, na jibu la mkunga hudhaniwa linajulikana. Na ni kweli, mwili wangu una jibu lake. Naijua ile nukta kabla mtoto hajalia, chumba kizima kikiwa kimebana pumzi. Naijua harufu yake, joto lake, anavyokunja uso taa ikimpiga. Mtu akiniambia kuzaliwa ni jambo baya, moyo wangu unakataa kabla masikio hayajamaliza kusikia. Kwa sababu hiyo hiyo nimejilazimisha kuzisikia hoja zenyewe mpaka mwisho, maana niligundua kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nawajibu watu ambao sijawasikiliza.

Lugha yetu ina maneno mawili makali kwa asiyezaa: mgumba na tasa. Yote mawili ni majina ya upungufu, na hutupiwa zaidi mwanamke, hata pale ambapo mume hajawahi kupimwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio mwaka 2023 kwamba mtu 1 kati ya 6 hupitia tatizo la kutoweza kupata mtoto wakati fulani maishani mwake. Mmoja kati ya sita. Ukumbi huu ukiwa na watu mia mbili, pigeni hesabu wenyewe, na hakuna atakayenyoosha mkono. Ama kwa yule aliyeamua kwa hiari yake kutozaa, hatuna neno hata moja. Tunasema "hakujaliwa", kana kwamba alikwenda kuomba akanyimwa. Asiye na jina ni rahisi kumwambia atabadilika.

Msidhani hoja ya kutozaa ni ya vijana wa leo na simu zao. Katika tamthilia ya Sophocles wa Ugiriki ya kale, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, wazee wanasema kwamba kutozaliwa kabisa ndilo jambo bora kuliko yote, na la pili kwa ubora ni aliyekwisha kuzaliwa kurudi upesi alikotoka. Mshairi Al-Ma'arri, aliyezaliwa Syria mwaka 973 na kupofushwa na ndui utotoni, aliishi bila mke wala mtoto. Inasimuliwa kwamba aliusia kaburi lake liandikwe ubeti mmoja: haya alinitendea baba yangu, nami sikumtendea mtu yeyote. Kitenzi alichokitumia kwa Kiarabu ni cha mzizi mmoja na neno letu jinai. Mtu anamtaja baba yake mzazi kwa neno la mahakamani, kwa kosa la kumleta duniani. Nilipoelewa hilo nilikaa nalo siku nzima.

Katika zama zetu aliyeipanga hoja hii kwa ukali kuliko wote ni David Benatar, mwanafalsafa aliyefundisha Chuo Kikuu cha Cape Town, aliyetoa kitabu kizima mwaka 2006 kutetea kwamba kuzaliwa ni madhara sikuzote. Anasema hivi, kwa maneno yangu. Mtu asipokuwepo, maumivu ambayo angeyapata hayapo, na hilo ni jema hata kama hakuna wa kulifurahia. Raha ambazo angezipata nazo hazipo, lakini hilo si baya, maana hakuna aliyenyimwa kitu. Upande mmoja wa mizani una faida, upande wa pili hauna hasara. Basi mizani huinamia kutozaliwa kila mara, hata kwa mtu ambaye angeishi vizuri.

Hoja hii niliisoma nikiwa zamu ya usiku, na mara ya kwanza niliisoma kwa hasira. Nikairudia. Kwanza niwatendee haki wanaoishika: Benatar mwenyewe anatenganisha maisha yanayostahili kuanzishwa na maisha yanayostahili kuendelea. Hasemi aliyekwisha zaliwa afe. Wanaomsingizia hivyo hawajamsoma, na ni dhambi kumjibu mtu kwa jambo ambalo hakulisema. Ninapoachana naye ni hapa: mizani yake imeshikwa na mtu aliyesimama nje ya maisha, na nje ya maisha hakuna mtu. Yule mama wa kwenye benchi alirudi mara kadhaa kliniki, tukazoeana. Akanihadithia habari za mtoto wake wa pili, aliyeishi siku kumi na moja. Alikuwa akishika kidole cha mama yake kwa vidole vyote vitano na hakiachii mpaka alale. Kwa hesabu ya Benatar siku zile kumi na moja ni hasara tupu. Mama yake hakuzihadithia kama hasara. Alihadithia habari za mtu, mwenye jina na tabia yake, aliyekuja akaondoka.

Lakini hapo nami nilijikamata. Ushuhuda wa mama si ushuhuda wa mtoto. Ni nani kati yetu amewahi kumsikia mtoto?

Mimi nilimsikia nyumbani kwangu. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mitano, tukagombana juu ya jambo dogo, nafikiri ilikuwa habari ya simu. Nikamtolea yale maneno ambayo mzazi huyatema kabla hajayaonja: "Baada ya yote niliyokufanyia!" Akasimama mlangoni, mkono uko kwenye kitasa, akanitazama sawia. "Mama," akasema, "sikukuomba unizae."

Nilitetemeka kwa hasira. Wazazi mliomo humu mnalijua neno hilo, linavyochoma. Lakini usiku, nyumba ilipotulia, nikaona mtoto amesema kweli tupu, ile ile ambayo wanafalsafa wameizunguka kwa karne nyingi. Hakuomba. Niliyeomba ni mimi. Na nilikuwa na sababu zangu: nilikuwa na miaka ishirini na minane, wenzangu wote wameshazaa, mama mkwe ameanza kuuliza kwa mafumbo, na zaidi ya yote nilikuwa na hamu kubwa ya kumshika mtoto ambaye zamu ikiisha simkabidhi kwa mtu mwingine. Hakuna hata sababu moja katika hizo iliyokuwa ya kwake.

Kama hakuomba, basi hana deni kwangu kwa kuzaliwa. Mwenye deni ni mimi. Nilikopa furaha ya kuwa mama kwa dhamana ya maisha ya mtu mwingine, ambaye atapambana na maradhi, na huzuni, na siku ya kufa, bila kuulizwa. Deni hilo halilipiki likaisha. Linalipwa kila siku, kwa kumlea. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na nafikiri tumelisema hilo mara nyingi mno mpaka limekosa uzito. Asubuhi nilimwomba radhi binti yangu. Hakusema kitu, alinimiminia chai. Na yote nitakayoyasema kuanzia hapa yanatoka kwenye asubuhi ile.

Tuchukue swali linaloulizwa kila asiyezaa: "Nani atakuzika?" Ndugu zangu, swali hilo linamwajiri mtoto kabla hajatungwa tumboni. Kabla hajapata jina ameshapewa kazi: kumtunza mzazi uzeeni, kushika koleo siku ya mazishi. Siwalaumu wanaozaa kwa hofu hiyo. Pasipo na pensheni wala bima, mtoto ndiye akiba, na watoto wanapokufa wengi, mzazi huzaa wengi ili wabaki wachache. Takwimu za dunia zinaonyesha hofu ikipungua nini hutokea. Katika miaka ya 1960 wastani ulikuwa karibu watoto 5 kwa mwanamke mmoja. Leo ni kama 2.3. Sehemu kubwa ya safari hiyo imetembewa bila kulazimishwa na mtu, kwa sababu watoto wameacha kufa hovyo, wasichana wamesoma, na njia za uzazi wa mpango zimepatikana. Wazazi walipopata uhakika kwamba mtoto ataishi, walichagua wachache. Hilo linaniambia kwamba watu wa kawaida, wakiachiwa nafasi, wana akili kuliko wanavyodhaniwa na wanaowapangia.

Na wanaowapangia hawajawahi kukosekana. Kaisari Augusto wa Roma aliweka sheria mwaka 18 kabla ya Kristo za kuwabana wasiooa na kuwatunuku wenye watoto. Mwaka 9 baada ya Kristo ikaongezwa sheria nyingine, iliyobeba majina ya makonsuli wawili, yaani wakuu wa serikali wa mwaka ule, Papio na Popeo, na mwanahistoria Cassius Dio anaandika kwamba wote wawili hawakuwa na mke wala mtoto.

Ila somo ambalo haliniachii usingizi ni la Romania, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo.

Mwaka 1966 utawala wa Nicolae Ceaușescu ulitoa Amri namba 770. Utoaji mimba ukapigwa marufuku isipokuwa kwa hali chache, na njia za kuzuia mimba zikawa hazipatikani. Nia ilikuwa kuongeza watu, watu ndio nguvu ya taifa. Mwaka 1967 watoto waliozaliwa walikaribia mara mbili ya wale wa mwaka uliotangulia. Ukitazama karatasi utasema sera imefaulu. Baada ya muda wanawake wakatafuta njia za gizani, idadi ikaanza kushuka tena, na vifo vya akina mama vikapanda vikawa miongoni mwa vibaya kuliko vyote Ulaya. Mkunga yeyote anajua vifo hivyo vinafananaje: homa, damu, na mwanamke anayekataa kutaja alikotoka kwa sababu anaogopa polisi kuliko kifo.

Utawala ulipoanguka Desemba 1989, amri ile ilifutwa mara moja, ikiwa miongoni mwa mambo ya kwanza. Ndipo milango ya makao ya watoto ikafunguliwa. Zaidi ya watoto 100,000 walikuwa ndani. Wengi walikuwa na wazazi hai, waliozaa kwa amri wakashindwa kulea. Na wageni walioingia kwenye vyumba vya watoto wachanga wanasimulia kitu ambacho nilipokisoma nilifunga kitabu: ukimya. Vitanda safu kwa safu, na hakuna kilio. Mtoto hulia kwa sababu anatarajia mtu atakuja. Asipokuja mtu, leo, kesho, na mwezi mzima, huacha. Mimi nimeishi miaka ishirini na miwili nikisubiri mtoto alie ili nipumue. Pale watoto walikuwa hai, wana pumzi, wana maziwa, na hawakulia.

Mwaka 2000 watafiti kutoka Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, walianza kuwafuatilia watoto 136 wa makao ya Bucharest. Nusu yao walitafutiwa familia za malezi. Waliopata familia mapema, kabla ya miaka miwili hivi, walisonga mbele zaidi katika mambo mengi, kuanzia akili hadi uwezo wa kushikamana na mtu. Waliochelewa walibaki na mapengo. Mwili unaweza kulishwa na taasisi. Kuna kitu ambacho mtoto hukipata kwa mtu mmoja anayerudi, na kesho anarudi tena. Taifa lilimsainia mwanamke deni, na mlipaji akawa mtoto.

Upande wa pili wa shilingi ni amri ya kutozaa, nayo nitaipitia upesi kwa kuwa somo ni lile lile. China ilishika sera ya mtoto mmoja kuanzia mwaka 1980 hadi mwisho wa 2015. Mwaka 2016 ikaruhusu wawili, mwaka 2021 watatu. Mwaka 2016 walizaliwa watoto karibu milioni 18. Mwaka 2023 walizaliwa kama milioni 9. Mlango waliougongomea misumari miaka thelathini na mitano haukufunguka kwa tangazo. Uhindi nayo, wakati wa hali ya hatari ya mwaka 1975 hadi 1977, iliwafunga uzazi mamilioni ya wanaume, wengi kwa kubanwa, na mpaka leo jambo hilo limeacha doa kwenye neno uzazi wa mpango.

Mkutano wa Umoja wa Mataifa wa haki za binadamu uliofanyika Tehran mwaka 1968 ulitamka kwamba wazazi wana haki ya msingi ya kuamua kwa uhuru na kwa uwajibikaji idadi ya watoto wao na nafasi kati yao. Mkataba wa mwaka 1979 wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ukalirudia. Angalieni maneno mawili yamekaa pamoja pale, uhuru na uwajibikaji. Wanaotaka uhuru tu humsahau mtoto. Wanaohubiri wajibu tu humsahau mama.

Sasa kuna vijana wenye hofu nyingine, na nawaheshimu. Mwanafunzi mmoja alinifuata baada ya darasa akaniambia hatazaa kwa sababu ya joto la dunia. Alitaja utafiti wa mwaka 2017 wa Seth Wynes na Kimberly Nicholas, uliokadiria kwamba kwa watu wa nchi tajiri, kupunguza mtoto mmoja kunaokoa tani 58.6 za hewa ukaa kwa mwaka, zaidi kuliko kuacha gari au ndege. Nilikwenda kuitafuta hesabu yenyewe. Inampa mzazi nusu ya moshi wa mtoto, robo ya moshi wa mjukuu, na kuendelea kushuka hivyo vizazi na vizazi, ikichukulia kwamba hao wajao wataendelea kuchoma kama tunavyochoma sisi. Kwa hiyo namba ile kubwa imebeba mazoea yetu, tumewatwika watu ambao hawajaja. Zaidi ya hapo inanisumbua kumhesabu mtoto kama moshi, kwa sababu ile ile inayonisumbua kumhesabu kama askari au kama mzikaji. Tangu mchumi Mwingereza Thomas Malthus alipoandika mwaka 1798 kwamba watu wataushinda uwezo wa ardhi kuwalisha, tumekuwa tukiwatisha walio hai kwa wingi wa wajao. Tulifika bilioni 8 mwezi Novemba 2022, na Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba idadi itafikia kilele cha kama bilioni 10.3 katika miaka ya 2080, kisha ianze kushuka. Hatari za hali ya hewa ni za kweli na sizipunguzi. Nilimwambia mwanafunzi wangu hivi: kama hutaki kuzaa kwa sababu unamwogopea mtoto huyo dunia atakayoikuta, hiyo ni hofu ya mzazi, na unayo haki nayo kamili. Lakini usizae wala usiache kuzaa kwa ajili ya jedwali.

Wapo wanaowaita wasiozaa wabinafsi. Mtu akiliangalia deni la fedha akasema sitaliweza, au sitaki kulichukua, tunamsifu kwa busara. Akisema hivyo juu ya deni zito kuliko yote, tunamwita mchoyo. Na halazimiki kuwa na sababu ya kutuhuzunisha ndipo tumsamehe: si lazima awe mgonjwa, au aliumizwa utotoni, au maskini. Anaweza kuwa mzima, mwenye furaha, anapenda watoto wa wenzake, na hataki wa kwake. Basi.

Nao wasiotaka kuzaa wana makali yao, nisiwafiche. Nimemsikia mtu akimwita mama wa watoto watano "mashine", mama mwenyewe amesimama hapo na mtoto mgongoni. Nimesikia wanaosema kila anayezaa amefuata mkumbo, hakufikiri. Mimi nimewashika mikono wanawake waliofikiri miaka minane, wakaharibikiwa na mimba tatu, wakarudi tena. Yule anayesema hawakufikiri hakuwepo.

Huko Korea Kusini kiwango cha uzazi kilishuka hadi mtoto 0.72 kwa mwanamke mwaka 2023, wakati kinachotakiwa ili idadi ya watu isipungue ni kama 2.1. Serikali imemwaga fedha nyingi kwa miaka mingi. Ukisikiliza wanawake wa huko wanavyojieleza, husikii chuki ya watoto. Unasikia saa za kazi zisizo na mwisho, nyumba zisizoshikika bei, mashindano ya masomo, na kwamba mtoto akija, anayeacha kazi ni mama. Wameliangalia deni, wakatazama kushoto na kulia kuona nani atalibeba nao, wakaona wako peke yao. Siwezi kuwaambia wamekosea hesabu.

Na kuna mwili. Inanishangaza mijadala hii inavyoweza kwenda saa mbili nzima bila mtu kuutaja. Mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 duniani walikufa kwa ujauzito, kujifungua, au matokeo yake, yaani zaidi ya 700 kila siku. Nimewahi kufunga macho ya mmoja wao. Mtoto wake alikuwa analia chumba cha pili, kilio kizuri, chenye nguvu. Kwa hiyo nikimsikia mtu, awe mbunge, awe shangazi, awe mwanaharakati, anamwambia mwanamke "zaa" au "usizae", ninachosikia ni mtu anayetoa amri juu ya mwili ambao hatakuwa ndani yake siku hiyo.

Mtaniuliza basi mimi nasemaje. Nasema najua kwa nini nilizaa, na leo sababu zile ninaziona ndogo, na binti yangu ninamwona mkubwa kuliko sababu zote. Kama angenijia leo kuniambia hatazaa, ningeumia, sitawadanganya; ningeumia kwa ajili ya mjukuu ambaye nimeshamwota. Maumivu hayo yangekuwa yangu, ya kuyabeba mimi. Na kama angenijia na mimba, ningemwuliza swali moja tu: nani atarudi nyumbani kwa huyu mtoto, kesho na keshokutwa? Si lazima awe baba. Si lazima wawe wawili. Awe mtu, na awe anarudi.

Wakunga wenzangu, sisi tuko mlangoni, na fomu iko mkononi mwetu. Siwezi kuibadilisha fomu, nimejaribu, imeandikwa na wakubwa kuliko mimi. Siku hizi naweka kalamu chini kwanza. Nasema, "Nihadithie habari zako za uzazi, anzia unapotaka." Wengine huanza na kifungua mimba. Wengine huanza na yule ambaye hakuishi, na humtaja jina, nami naliandika pembeni kwa penseli ingawa hakuna nafasi yake. Wapo wanaosema hawakupata, na hapo nanyamaza, nangoja waendelee wao. Wiki mbili zilizopita alikuja dada mmoja akakaa, akanitazama kama mtu aliyejiandaa kwa vita, akasema, "Mimi sijazaa na sipangi kuzaa. Nimekuja kwa sababu ya maumivu ya mgongo."

Nikaandika sufuri kwenye kisanduku, nikamwambia ageuke, anionyeshe ni wapi panapouma.